Kiti Kibaya Kuliko Vyote Nilivyowahi Kutengeneza

Karakana ya Viti,
Mkabala na Duka la Dawa,
Mtaa wa Nyuma ya Stesheni.

Jumapili, tarehe 3 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu, tena zipokee kwa mikono miwili maana ni nzito, nimeziandika mwenyewe. Mwanao aliniambia kwenye simu, mjomba, sema tu, nitamfikishia mama. Nikamwambia hapana. Shule nimesoma miaka minne, lakini penseli nimeishika miaka arobaini na sita, na hajazaliwa mtu wa kunifundisha penseli. Ukiona herufi zimelala upande, jua penseli yenyewe ni ya seremala, bapa, haikuchongwa kwa ajili ya barua.

Goti linaendeleaje? Nijibu kweli, usinijibu kama unavyomjibu daktari. Usingizi unapata? Ngazi unapanda? Na hiyo fimbo waliyokupa, uliipima? Ukishika mpini, kiwiko kijikunje kidogo tu. Kikinyooka kabisa fimbo ni fupi, bega likipanda juu fimbo ni ndefu, warudishie. Usikubali kutembelea fimbo ya mtu mwingine.

Mimi huku mzima, nakula, nasikia vizuri, na meno yangu ninayo, siyo kama ya jirani yetu Fundi Cherehani. Wifi yako naye mzima. Amekaa hapa mezani kwangu ananitazama nisiandike uongo.

Sasa habari yenyewe. Kijiti, nakuja.

Nimeandika hivyo nikaacha nafasi, upumue. Mwanao ameshanikatia tiketi, Jumanne tarehe 26. Ndege mbili. Ya kwanza masaa matatu, ya pili masaa tisa. Naona unatikisa kichwa. Subiri kwanza.

Barua yako ya mwezi wa pili niliisoma mara tatu. Ulisema goti limewekewa chuma na daktari amekukataza safari ndefu, na kwamba mara nne ulizokuja kwetu zimetosha, tukionana tena basi ni mimi wa kuja. Uliandika kama utani. Lakini chini ya hapo ulifuta mstari mzima kwa wino. Mimi macho yangu bado ya fundi. Niliinua karatasi dirishani nikausoma. Uliandika, "Kaka, au ndiyo basi?"

Siyo basi. Nisikilize.

Miaka yote uliponiita nilikujibu kazi nyingi. Kazi ni nyingi kweli, viti vyangu vinagombewa. Ila sababu haikuwa hiyo, sababu ilikuwa mgongo. Unazikumbuka picha za harusi ya binti yetu wa pili, zile nilizokutumia? Mimi nimesimama nimeshika mlango, watu wanadhani napiga pozi. Nilikuwa nimeushikilia nisianguke. Basi lilitembea masaa sita, tulipofika mgongo ukagoma. Vijana wawili wa upande wa wakwe wakanitoa nimekunjika vilevile, magoti kifuani, kama wanashusha kabati. Mmoja akamwambia mwenzake, "Taratibu, angalia kona." Mimi! Niliyefundisha nusu ya mtaa huu kushusha kabati! Wakwe wote wanatazama. Siku ile nilikula kiapo sitakaa tena kwenye chombo chochote zaidi ya saa moja. Aliyejua ni wifi yako peke yake.

Lakini ule mstari uliofutwa ulinikosesha raha. Nikajiambia, mzee, hili ni jambo la kiti, na viti ndiyo kazi yako.

Mwanao alipopanda ndege mwezi wa tatu kwa shughuli zake, nilimwagiza apime kila kitu. Akasema, "Mjomba, watu watanionaje?" Nikamwambia watakuona mpwa wa fundi. Akapima kwa futikamba, mpaka mhudumu mmoja akamwuliza kama anataka kukihamisha kiti. Upana wa kukalia sentimita arobaini na tatu. Kutoka egemeo lako hadi egemeo la mtu wa mbele, sentimita sabini na tisa. Nikaviandika vyote ukutani kwa chaki.

Kiti cha ndege, cha kuujaribu mgongo hapa hapa karakana, nilikitengeneza kwa siku nne. Mbao ngumu, gundi, hakuna msumari unaoonekana. Mbele yake nikasimamisha ubao, ndiyo mgongo wa kiti cha mbele, ili magoti yajue mipaka yao. Dirisha nikalichora ukutani. Jumamosi nikautangazia mtaa mzima kwamba nasafiri. Fundi Cherehani, jirani wa mlango wa pili, yule aliyekushonea gauni ukalalamika mkono mmoja mfupi, akaleta vitambaa vyake akakaa kando yangu awe abiria mwenzangu. Nikakaa toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Masaa tisa kamili! Mgongo kimya kama haupo. Nikasimama nikajipiga kifua, nikawaambia waliokuwa wanapita, ndege ni nini? Ndege ni kiti chenye kelele.

Fundi Cherehani akasema, "Tumetua salama, fundi, lakini mizigo yetu mbona haitoki?"

Jumatatu akaja binti wa viungo, yule wa hospitali anayewanyoosha watu migongo, kufuata mabenchi mawili niliyomtengenezea ya chumba chake cha mazoezi. Wifi yako, ambaye mdomo wake hauna kufuli (ananiambia nifute, sifuti), akamsimulia yote. Binti akaomba kukaa kwenye ndege yangu. Akakaa, akaegemea, akafumba macho. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Mzee, shikamoo tena."

"Marahaba. Unacheka nini?"

"Ndege zingekuwa na viti kama hiki, mimi nisingekuwa na wagonjwa."

Nikavimba kichwa. Nilidhani ananisifu. Akapitisha mkono kwenye egemeo akauliza, hapa kiunoni mbona pametuna? Nikamwambia ni kwa sababu mgongo wa binadamu umeingia ndani hapo. Na hapa mbele mbona umepainua? Ili paja lipumzike. Na magoti mbona yana nafasi? Kwa kila swali nilikuwa na jibu, na kila jibu lilinizamisha zaidi. Kijiti, vipimo vya mwanao vilikuwa ukutani mbele ya macho yangu, na mkono wangu ulivipita bila kuniuliza. Sentimita mbili hapa, tatu pale. Mkono huu haujui kutengeneza kiti kibaya. Sijisifu, ni kama ugonjwa.

Binti akasema, "Mzee, umejitungia mtihani, umejisimamia, umejisahihishia. Lazima upate mia."

Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini.

Ikabidi nianze upya, na hapo ndipo nilipopata kazi ngumu kuliko zote katika miaka arobaini na sita. Kutengeneza kiti kibaya, kwa makusudi, kwa mkono wangu! Wifi yako alinisimamia na rula akisoma vipimo kama askari. Nikinyanyua randa tu, anapiga meza. "Acha! Ndege haina randa!" Egemeo limenyooka panapotakiwa kujikunja, na limejikunja panapotakiwa kunyooka. Sponji nyembamba kama jalada la daftari. Nilikifunika kwa turubai wateja wasikione. Mmoja akachungulia akauliza, hiki cha nani? Nikamwambia cha fundi mwingine.

Jumamosi iliyofuata tukapanda tena, mimi na Fundi Cherehani. Safari hiyo sikutangaza.

Saa ya kwanza ikapita. Saa ya pili mgongo ukaanza kuuma. Nikakaza. Nilisema sitainuka mpaka saa kumi, unanijua nikishasema. Nikakaa wima bila kutikisika. Mguu wa kushoto ukawaka moto toka nyonga mpaka kisigino. Saa ya tatu nikakubali kusimama, na nilipojaribu, sikuweza. Nikajaribu tena. Sikuweza. Nikamtazama Fundi Cherehani nikamsubiri anicheke, maana mtu yule hajawahi kuiacha nafasi ya kunicheka ipite. Hakucheka. Aliweka sindano chini akasema polepole, "Fundi, nimwite nani?"

Hapo ndipo nilipoogopa.

Walininyanyua yeye na wifi yako. Jioni yake nikakuandikia barua nyingine, fupi, inasema mwaka huu kazi ni nyingi. Asubuhi wifi yako akaikuta mezani. Akaisoma. Akaikunja mara nne akaichomeka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Ndiyo, nyumba ya fundi ina meza inayoyumba, usiseme. Barua ile iko hapo mpaka sasa ninavyoandika hii, na meza imetulia.

Kisha akavaa viatu akaenda kumwita binti wa viungo.

Binti alinisimamisha akanizunguka kama mtu anayenunua kabati. Akauliza, "Mfuko wa nyuma kuna nini?" Nikamwambia futikamba. "Tangu lini?" Tangu nianze kazi. "Na unapokaa unaitoa?" Sasa niitoe niiweke wapi? Akashika kichwa. "Mzee, miaka arobaini na sita upande mmoja umekaa chini na mwingine umekaa ghorofani." Akanyoosha mkono nimpe. Nilimpa. Nilijiona kama nimevuliwa nguo sokoni. Sasa futikamba iko mfuko wa shati, na kila siku napapasa makalio nikidhani nimeibiwa.

Akaniambia kosa langu la pili ni ushujaa. Nilikaa kama picha ya ukutani. Mgongo wangu, alisema, hauna shida na ndege, una shida na kukaa bila kutikisika. Kila baada ya dakika arobaini nisimame, hata kama hauumi, na hasa kama hauumi. Ndiyo maana mwanao amenichagulia kiti cha kando ya njia, nisimruke mtu. Dirishani wakae wanaotaka kuona mawingu.

Kuna taulo. Taulo dogo la kunawia uso, nilikunje kama bomba, niliweke pale kiunoni ambapo mimi kwenye kiti changu nilikuwa nimepatunisha. Kijiti, mimi nimehangaika siku nne na patasi, kumbe jibu linaning'inia bafuni! Miguu isining'inie, chini yake niweke mkoba mdogo. Nikikaa nizungushe vifundo vya miguu na kukanyaga kama nakanyaga cherehani, hilo Fundi Cherehani alilipenda sana. Maji ninywe hata kama yatanipeleka msalani, maana kwenda msalani nako ni matembezi. Dawa alizoniandikia daktari zikae mfukoni, zisiende kwenye begi kubwa zikasafiri bila mimi. Na mkoba wa kupandisha juu ya kichwa nisiuguse, nimwombe mtu mrefu.

Hilo la kumwomba mtu mrefu lilinichukua siku mbili kulimeza.

Na kusimama kwenyewe kuna ufundi wake. Unasogea ukingoni, unarudisha miguu nyuma chini yako, unainama mbele kama unamsalimia mkwe, kisha unasukuma kwa mapaja. Mimi nilikuwa najivuta kwa mikono kama mtu anayetoka kisimani. Wiki mbili nimefanya mazoezi, asubuhi na jioni, kwenye mkeka, wifi yako anahesabu. Haya yote ni ya mgongo wangu. Wewe usiyaige na goti hilo, muulize wa kwako.

Jana tukapanda mara ya tatu. Kiti kilekile kibaya. Kila dakika arobaini nasimama, natembea mpaka duka la dawa, narudi. Mwenye duka alitoka mlangoni akauliza mara ya nne, "Mzee, umesahau dawa gani?" Nikamwambia niko angani, nisisumbuliwe. Fundi Cherehani, aliyekaa upande wa dirisha la chaki, alilala ameniegemea bega akakoroma, na nimeambiwa hiyo nayo hutokea kwenye ndege kabisa. Maumivu yalikuja, wifi yako ananitazama siwezi kudanganya. Yalikuja saa ya tano, yakakaa kidogo, nikasimama, yakaondoka. Yakarudi saa ya nane, madogo. Saa kumi jioni nikasogea ukingoni, nikarudisha miguu, nikainama, nikasukuma. Nikasimama. Hakuna aliyenigusa.

Fundi Cherehani akaamka akapiga makofi. Kisha akasema, "Sasa ndiyo nimeamini unaondoka. Nitagombana na nani?" Akajitia kutafuta sindano chini.

Limebaki moja, nalo nilitaka nisikuandikie.

Binti alisema kiwanja cha ndege kinachosha mgongo kuliko ndege. Foleni ya kusimama, halafu njia ndefu isiyokwisha, halafu foleni nyingine. Akataka niombe kiti cha magurudumu, nisukumwe. Nilikataa. Nilisema mimi natengeneza viti, sisukumwi kwenye viti. Tena kiti chenyewe nimekiona hospitali, mikono yake imewekwa chini mno, aliyekitengeneza angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha nyumbani. Jana baada ya ushindi nikasema, mmeona? Sihitaji magurudumu. Wifi yako alikuwa anakunja taulo langu. Hakuinua hata macho.

"Hizo nguvu zako zilizobaki," akasema, "unataka ukazimalizie kwenye foleni, mbele ya watu usiowajua, halafu dada yako aletewe mabaki?"

Nikampokea taulo nikamalizia kulikunja mwenyewe.

Leo asubuhi nimempigia mwanao awaambie watu wa ndege waniwekee hicho kiti, kupanda na kushuka. Akauliza mara mbili kama ni mimi kweli ninayeongea.

Kwa hiyo nisikie vizuri. Siku ya Jumanne, milango ile ya kutokea ikifunguka, utaniona nimekaa. Usishtuke, usidhani nimepatwa na jambo. Na usinikimbilie na goti hilo. Simama hapo ulipo na fimbo yako, mahali nitakapokuona. Nitasimama mwenyewe, na hatua zilizobaki nitazitembea mimi. Mara nne ulikuja wewe. Hii ni zamu yangu.

Kabla sijaondoka naomba kipimo kimoja. Vaa ndala zako za nyumbani, usimame, mwanao apime kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti zuri. Siyo kwa macho, kwa futikamba. Atafute na mbao, kavu, asinunue mbao yenye fundo. Nitakutengenezea kiti cha juu kidogo chenye mikono, ukikaa usiombe msaada kuinuka. Patasi na randa nitaweka kwenye begi kubwa, ambalo nimeapa sitalinyanyua. Kiti kibaya nilitaka kukipasua kuni, wifi yako amekataa. Anasema kuna safari ya kurudi.

Msalimie mwanao, mwambie amepima vizuri, ila asivimbe kichwa. Msalimie mkewe na wajukuu zako wote wawili. Msalimie pia yule nesi jirani yako anayekupeleka kwenye mazoezi, mwambie kaka mtu anakuja kumkagua. Wifi yako anakusalimu sana, anasema kati ya niliyoandika ameona uongo mdogo mmoja tu, na ameusamehe. Fundi Cherehani anauliza kama ule mkono wa gauni bado mfupi.

Mwenyezi Mungu alichunge goti lako na mgongo wangu, avikutanishe vyote viwili vikiwa bado vinatukubali.

Mimi kaka yako, nikupendaye kuliko penseli hii inavyoweza,

Fundi Viti.

N.B. Wifi yako amenipima kwa saa. Kutoka kukaa mpaka kusimama wima kabisa natumia sekunde kumi na nne. Basi ukiniona nimeinama mbele kama nataka kuanguka, sianguki, ndiyo naanza. Wewe fumba macho, hesabu polepole mpaka kumi na nne, na safari hii usiruke namba kama ulivyokuwa unaruka tukicheza kujificha. Ukifika kumi na nne, fungua macho. Nitakuwa nimesimama.